Kutupiwa Taulo

Sina subira na watu wanaolia wakitazama filamu za michezo. Mkimbiaji akianguka kwenye mzunguko wa mwisho na muziki ukianza kupanda, wao tayari wanatafuta leso. Wanajua atainuka, na wanalia kwa sababu wanajua. Ukiwauliza baadaye habari za yule aliyekuwa akiongoza mpaka hatua tano za mwisho, wanakukodolea macho. Hawakumwona. Filamu iliwaambia wasimwone, nao wakatii. Mimi nilizitafsiri filamu hizo mbele ya watu kwa miaka sita hapa Isiolo, na sijawahi kumwona mtu aliyetoka mle ndani na huruma zaidi ya aliyoingia nayo. Najihesabu wa kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Banda la mabati lilikuwa nyuma ya soko, na ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao na runinga kubwa iliyokalishwa juu ya meza mbili. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na wateja wengi hawakuwa na haja na Kiingereza. Kwa hiyo kila siku alasiri nilikaa kando ya runinga, maiki mkononi, shavu limejaa miraa, na kila aliyefungua mdomo kwenye skrini alisema maneno yangu. Kocha, mama wa kocha, refa, daktari wa timu, wote walikuwa mimi. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, tena cha mwanafunzi aliyekaa benchi la nyuma. Theluthi moja ya yaliyosemwa niliielewa. Yaliyobaki niliyatunga, na niliyatunga upesi kiasi kwamba wakati mwingine hata mimi niliamini nimeyasikia.

Wateja wangu walikuwa wakali. Ilikuja filamu moja ya wasichana waogeleaji, timu maskini ya mji mdogo wa ng'ambo, na mwalimu wao mlevi. Hadithi ilikuwa ya kusikitisha kweli, na hakuna aliyeisikiliza. Wafugaji wawili waliokuja sokoni kutoka Kinna walikaa mbele kabisa wakilitazama lile bwawa, saa nzima hawasemi kitu, halafu mmoja wao akauliza kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Hiyo maji yote, ng'ombe inakunywa saa ngapi?"

Nikamjibu kwenye maiki, kwa sauti ya yule mwalimu mlevi, kwamba ng'ombe wa huko wanakunywa bia. Watu walicheka mpaka msichana mkuu akapata medali yake bila mtu kujua.

Ya farasi ilikuwa mbaya zaidi. Farasi mgonjwa aliyekuwa auzwe kwa mchinjaji anafunzwa na mjane mmoja, na mwishowe anashinda mashindano makubwa. Alipoanza tu kutangulia, dalali mmoja wa ngamia, mzee wa kuheshimika, alisimama akaizuia runinga kwa mgongo wake.

"Wacha uongo, wewe kijana. Hii mnyama ni mgonjwa mguu ya nyuma. Angalia vile inakanyaga. Hii haiwezi shinda hata punda."

Banda zima likamuunga mkono. Farasi alipovikwa maua walikataa kabisa, wakatoka wakilalamika kwamba wametapeliwa. Niliwacheka siku ile, lakini kipimo nilichonacho mpaka leo nilikipata kwa yule dalali. Filamu ya michezo inafaa kutazamwa ikiwa miili iliyomo ndani haisemi uongo. Maneno yadanganye, muziki udanganye, lakini goti liume pale linapopaswa kuuma. Nyingi haziwezi hata hilo. Mtu anapigwa ngumi ishirini za uso, na kesho yake asubuhi anatafuna nyama na kumchumbia msichana.

Za mbio zilituudhi kwa sababu nyingine. Mkimbiaji wa filamu, mtoto wa watu na huzuni zake, ana jina, ana mama, ana jeraha la zamani. Anayeshindana naye ni mtu mweusi, mwembamba, asiye na neno hata moja la kusema, na kwenye fulana yake kuna bendera yetu. Sisi tulikuwa kitu cha kupitwa. Banda lilimshangilia huyo wetu kwa nguvu zote, na alipopitwa, kama ilivyokuwa imeandikwa apitwe, walirushia runinga vijiti vya miraa. Nilimtungia maneno. Nilisema amekula maandazi ya jana na tumbo linamkata. Walicheka, wakatulia. Niligundua kwamba mtu aliyeshindwa ukimcheka, watazamaji wanasahau kwamba walikuwa upande wake, na nikaitumia hila hiyo mara nyingi baadaye.

Lakini za ndondi nilizipenda, na bado nazipenda, sioni haya kusema. Sizipendi kwa ngumi. Nazipenda kwa ile dakika moja kati ya raundi na raundi, kiti kidogo kinapowekwa konani na bondia akaketi, na mzee fulani akachutama mbele yake kumfuta uso. Raundi nzima mzee huyo amesimama nje ya kamba akimtazama mtu wake anaumizwa, na hana ruhusa ya kuingia. Sasa amepewa dakika moja. Atasema nini? Filamu ikijua kumwonyesha mtu huyo wa pembeni, nitaitazama hata kama mengine yote ni takataka. Wengi wanatazama ngumi. Mimi nawaambia watazame uso wa aliyeshika ndoo ya maji.

Katika banda letu alikuwako mzee mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa hilo. Alikuwa fundi wa breki za malori, Msomali wa familia zile za zamani za mjini, zilizoletwa na babu zao waliokuwa askari wa mkoloni. Alikaa benchi la mbele na daftari la mraba mapajani, na kila filamu ya ndondi ilipochezwa aliandika. Aliandika nilichosema mimi. Nyuma ya gereji yake, pale Kiwanjani, alikuwa ametundika gunia la mchanga, na alikuwa akimfundisha ndondi kijana wa dada yake kwa kutumia daftari hilo. Hakuwahi kumwona kocha wa kweli maishani mwake. Kocha wake nilikuwa mimi, na mimi sikuwahi kuvaa glavu.

Nilijua, na ilinifurahisha. Siku moja kocha wa filamu alimnong'oneza bondia wake jambo sikioni, nami sikulisikia, kwa hiyo nikasema, "Siku ya pambano usiguse maji, maji yanalegeza mifupa." Mzee akaandika. Jumamosi iliyofuata alimkimbiza kijana kutoka Kiwanjani mpaka Burat na kurudi, jua la saa saba, bila tone la maji, ili mwili uzoee. Kijana alianguka barabarani, akabebwa na mkokoteni wa punda. Nilipopata habari nilicheka mpaka nikatema miraa yangu. Sikwenda kumwambia mzee afute ule mstari.

Kijana mwenyewe tulikuwa rika moja. Tulisoma pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani kumwita wa kuokota. Mama yake alimzaa bila ndoa, akamwacha mchanga kwa kaka yake, akapanda lori la kwenda Moyale, wala hakurudi. Baba hakujulikana, au alijulikana na watu wakanyamaza. Mji mdogo hausahau jambo la namna hiyo. Kila alipogombana na mtu, neno hilo lilitolewa, na kila lilipotolewa mjomba wake aliacha kazi, mikono imejaa grisi, akaenda mpaka kwa aliyelisema na kumwambia maneno matatu tu: "Huyu ni wangu." Kijana alimwita abti, ndivyo Wasomali wanavyomwita mjomba. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mabega mapana, mtu wa kucheka ovyo, na bado alikuwa akigeuka kila baada ya muda kuhakikisha kwamba abti wake yuko.

Sasa nije kwenye taulo. Ilikuwa filamu ya bondia aliyekuwa akipigwa vibaya katika pambano la mwisho wa nusu ya kwanza, lile ambalo lazima apoteze ili baadaye ashinde. Kocha wake, mzee wa upara, alivumilia, akavumilia, halafu akatoa taulo jeupe begani akalirusha katikati ya ulingo. Refa akapunga mikono na pambano likaisha. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Banda lote likanigeukia.

"Ametupa nini huyo? Ya nini sasa?"

Sikujua. Na kusema sijui haikuwa kazi yangu. Nikaweka maiki mdomoni nikatoa sauti nzito: "Jifute damu uende zako! Kuanzia leo wewe si mtoto wangu. Sikujui, hunijui!"

Kwa bahati yangu, bondia kwenye skrini akaanza kulia wakati uleule. Iliingia sawasawa. Banda likaguna kwa pamoja, na wazee wawili wakatikisa vichwa. Fundi wa breki aliinamia daftari lake akaandika, na kijana wake, aliyekuwa ameketi pembeni yake, alimtazama akiandika.

Neno likatoka bandani likaingia mjini. Msichana akimwacha mvulana, amemtupia taulo. Mgombea akikataliwa na ukoo wake, ametupiwa taulo. Mama mmoja wa Burat alimtupia mumewe taulo la kweli, lenye maji, mbele ya majirani, na mume akafunga virago kwa sababu alielewa. Nilikuwa nikipita sokoni nalisikia neno langu midomoni mwa watu nisiowajua, na moyo wangu ulijaa. Watu wengi wanakufa bila kuiachia lugha hata neno moja.

Aliyetaka kuniharibia alikuwa mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari. Alikuja bandani mara moja, Ijumaa baada ya swala, tulipoirudia filamu ileile kwa matakwa ya watu. Taulo liliporushwa nikasema maneno yangu, na yeye akainua mkono, kama yuko darasani.

"Samahani, ndugu. Hiyo si kumkana. Kona inaomba refa asimamishe pambano, kijana asiumie. Ni sheria ya mchezo."

Nilijua papo hapo kwamba anasema kweli, kwa sababu ilieleweka. Nikainua maiki. "Mwalimu anatoka jasho," nikasema. "Mpeni taulo." Mtu akamrushia gunia la mkaa lililokuwa mlangoni, tupu, likamwangukia kichwani, na vumbi jeusi likamchafua shati lake la Ijumaa. Alijipangusa polepole, akaondoka, na hakurudi tena. Kesho yake asubuhi nilifungua banda peke yangu, nikairudisha sehemu ile mara nne, nikiwa nimewasha maandishi ya chini ya skrini. Mwalimu alikuwa na haki. Nilizima mashine, na alasiri nikaendelea na tafsiri yangu.

Pambano la kijana lilifanyika miezi michache baadaye, siku ya sikukuu ya taifa, kwenye uwanja wa wazi. Ulingo ulijengwa kwa mbao, ukatandikwa turubai la lori na kuzungushiwa kamba za kufungia mizigo. Mpinzani alitoka Nanyuki, kijana mfupi asiye na maneno, mwenye kocha wa kweli. Refa alikuwa yuleyule mwalimu, kwa kuwa hakuna mwingine mjini aliyejua sheria. Na mwenye maiki alikuwa nani kama si mimi? Walinipa meza, kivuli, na spika mbili zilizosikika mpaka barabara kuu.

Kabla ya kengele nilimwona mwalimu amesimama na mzee konani, akimweleza jambo, akiligusa taulo lililokuwa shingoni mwa mzee. Mzee aliitikia kwa kichwa. Sikusikia walichosema. Nilifikiri wanazungumzia muda wa raundi.

Raundi ya kwanza ilichekesha. Kijana wetu alipigana kama watu wa filamu: alirusha ngumi za kuzunguka kutoka mbali, akaacha uso wazi, akasubiri mpinzani apepesuke. Yule wa Nanyuki alikuwa akiingia katikati, anagonga mara mbili, anatoka. Niliona kila kosa na nililitambua. Yalikuwa yangu, nilikuwa nimeyasema kwenye maiki. Niliyatangaza vilevile, kwa madoido, na watu wakafurahi.

Raundi ya pili jicho la kushoto la kijana wetu lilivimba likafumba. Dakika ya mapumziko ilipofika, mzee alichutama mbele yake kumfuta uso, na mimi, mpenzi mkubwa wa dakika hiyo, nilikuwa nikitafuta soda yangu chini ya meza.

Raundi ya tatu hakuwa tena akirusha ngumi. Alikuwa amesimama tu. Yule wa Nanyuki mwenyewe alipunguza, akamtazama refa, na refa akaitazama kona yetu. Aliitazama mara mbili. Nitasema sasa nilichokiona. Nilimwona mzee akilitoa taulo shingoni. Alilikunja mkononi, akaurudisha mkono nyuma. Uso wake haukuwa na shaka yoyote.

Nikasema kwenye spika mbili, kwa sauti ileile nzito ya bandani: "Mzee anatupa! Anamtupia taulo! Wa kuokota anarudishwa alikookotwa!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Ilikuwa mzaha mzuri, nilisema kwa wakati wake. Kijana akaisikia sauti yangu, akaacha kumtazama mpinzani wake, akageuza kichwa kuitazama kona. Alitaka kuona kama ni kweli. Mkono wa mzee ukashuka, taulo likiwa bado ndani yake. Na yule wa Nanyuki, ambaye alikuwa ameshaurusha mkono wake kabla kichwa hakijageuka, hakuweza kuuzuia. Ngumi ilimpata nyuma ya sikio.

Hakuanguka kama wanavyoanguka kwenye filamu. Alirudi konani kwa miguu yake, akaketi kwenye kile kiti kidogo, akamtabasamia mjomba wake, halafu akaanza kuteleza upande mmoja taratibu. Walimpeleka hospitali, kisha hospitali kubwa zaidi mbali na hapa, wakampasua kichwa, akarudi baada ya miezi mitatu. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda kombo.

Watu walimlaumu refa, wakamlaumu mzee kwa kiburi, wakamlaumu yule kijana wa Nanyuki. Mimi hakuna aliyenilaumu. Mtangazaji anatangaza tu. Wiki iliyofuata nilionyesha filamu ya ndondi na banda lilijaa mpaka nje. Nilitafsiri miaka miwili mingine, hadi simu zilipowafikia watu wote na wakaacha kuja, nikafungua duka la vipuri vya pikipiki. Nyumba ya mzee nilikuwa naizunguka. Nikimwona kijana amekalishwa nje kwenye kiti, nilipita njia ya pili.

Kilichonirudisha ni binti yangu. Ana miaka kumi na moja, ana Kiingereza kizuri kuliko changu, lakini ndondi hajui. Mwaka huu alikuwa anatazama filamu kwenye simu yangu, dukani, mchana. Akanivuta mkono.

"Baba, huyu ametupa taulo kwa nini?"

Nilikuwa sijawahi kulijibu swali hilo kwa ukweli, hata mara moja. "Ameona inatosha," nikamwambia. "Hataki aumizwe tena."

"Kumbe anampenda," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nilifunga duka, nikaenda Kiwanjani.

Mzee alikuwa uani, amechutama mbele ya karai, anafua mashati ya kijana. Amezeeka, mikono yake haina grisi tena. Nilimtolea salamu, salaam aleikum, akaitikia bila kuinua macho, akanionyesha kigoda. Ndani kulikuwa kimya, kijana alikuwa amelala.

"Mzee, ile taulo ya filamu. Nilidanganya. Haikuwa kumkana mtu. Kocha anatupa ndio kijana asiumizwe. Na kabla ya siku ile mimi nilikuwa nimeshajua, nikanyamaza."

Alikamua shati, akalikung'uta, akaliweka kando.

"Mwalimu aliniambia," akasema. "Asubuhi ya hiyo siku, hapo kwa kona. Aliniambia mara mbili ndio nishike."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kusamehewa, na sioni haya kukiri kwamba nilikuwa na tumaini hilo. Hili sikuwa nimelifikiria. Miaka yote nilijiambia kwamba mzee hakutupa kwa sababu nilimfundisha vibaya.

"Sasa mzee, kama ulijua, mbona hukutupa?"

Ndipo aliponitazama. "Mimi nilijua ya mwalimu. Kijana alikuwa anajua yako." Alichukua shati jingine, akalitia kwenye maji. "Nilikuwa nimeinua mkono. Ukaongea. Akageuka kuniangalia. Uliona macho yake?"

Nikasema niliyaona.

"Basi niambie. Wewe ungetupa?"

Hakusubiri jibu. Akaendelea kufua. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili isiingie ndani, "Hii maneno umeniletea mimi, imefika. Yeye usimwambie. Usijaribu."

Tulimsikia kijana akiamka. Akatoka akiburuta mguu, akijishikilia ukutani, mzee akasimama upesi kumpa mkono. Alinitambua. Alifurahi, akacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu imelala. Alikaa kwenye kigoda changu nami nikaketi chini. Mzee akaenda kuanika mashati.

Alianza kusimulia pambano, kama inavyosemekana humsimulia kila mgeni. Maneno yalitoka moja moja na mate. Raundi ya kwanza hakuikumbuka, ya pili hakuikumbuka. Aliikumbuka ya tatu.

"Watu wote walisema atatupa," akaniambia. "Nikaangalia. Abti alikuwa ameishika. Hakutupa."

"Hakutupa," nikasema.

Akanishika mkono kwa mkono wake mzima, kwa nguvu. "Wewe ndio ulikuwa na maiki. Wewe uliona kuliko watu wote. Sema vizuri."

Mzee alikuwa ametugeuzia mgongo, shati mikononi, halianiki. Nikasema vizuri, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, kwamba mjomba wake hakumtupia taulo. Akafumba jicho lile linalofumba, akaniambia nirudie.